Fundi Évariste na Mifuko ya Kanada

Mwaka wa 2017, baridi ilipoingia Johannesburg na nyasi za mlima wa Observatory zikageuka rangi ya chai ya maziwa, Évariste alikuwa na miaka sitini na saba, na kazi iliyomsalia ilikuwa kupunguza urefu wa suruali. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, Troyeville, chini ya dirisha linalotazama magharibi. Watu walimletea suruali zilizotoka Uchina, ndefu kuliko mtu yeyote aliyepata kuzaliwa, naye akazikata, akazikunja, akazirudisha. Suti kamili, ya kupimwa mtu akiwa amesimama, ya kujaribiwa mara tatu kabla haijapigwa pasi ya mwisho, hakuwa ameshona kwa miaka sita. Watu wa leo hawataki kupimwa. Wanataka kuvaa saa hii kile walichokiona saa hii, na mwaka ukiisha wakitupe.

Kazi ikipungua alikuwa akisinzia macho wazi. Mguu unakanyaga, mikono inasukuma kitambaa, jua la alasiri linapita katika vumbi la nyuzi, na mwenyewe hayupo. Amekwenda Likasi, kwao Kongo. Anapita kwenye barabara pana ya mtaa wa wafanyakazi, kalamu tatu mfukoni, daftari la mahudhurio kwapani, kwa maana kule alikuwa karani wa kampuni ya shaba kwa miaka ishirini na miwili. Jumamosi kampuni iligawa unga. Mtoto akiugua, hospitali ya kampuni. Mtu akifa, jeneza la kampuni. Hakuna aliyekaa akajiuliza atazeeka vipi. Kampuni ilikuwa ikimzeesha yenyewe. Évariste alijisomea vitabu vyote vya maktaba ndogo ya klabu, cha hesabu, cha jiografia, hata cha sheria ya mirathi, lakini cha kumfundisha mtu kutunza uzee wake mwenyewe hakikuwepo, kwa kuwa hakikuhitajika.

Kisha kampuni ikaanguka, na malipo ya uzeeni yakageuka karatasi yenye muhuri. Mwaka wa 1998 alimchukua mkewe Angélique na binti yao Murielle, mtoto pekee waliyejaliwa, wakashuka kusini kwa malori na mabasi, na huku ndiko cherehani ikawa riziki yake. Murielle alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alipofika ishirini na minne, mpango wa wakimbizi ukampeleka Kanada, mji wa Winnipeg, na huko akasomea uuguzi, akaolewa, akazaa wawili. Évariste aliyaridhia yote hayo kwa sharti moja ambalo hakulitamka kamwe: binti yake atarudi. Si Johannesburg, Likasi. Kiwanja kilikuwepo, Murielle mwenyewe alituma pesa za kukinunua, na ukuta ulikuwa umefika usawa wa madirisha kabla ujenzi haujasimama. Kila aliposinzia mzee aliona paa ambalo halijapigwa bado, na chini ya paa hilo mwanamke mwenye mvi aliyefanana na mama yake.

Ujumbe ulifika Jumapili moja ya Juni, ujumbe wa sauti wa dakika nne. Murielle alieleza kwamba kwa miaka saba alikuwa akiweka pesa kila mwezi katika mfuko wa uwekezaji wa benki ya mtaani kwake, na kwamba mwenzake wa kazini amemfungua macho: benki ile inakata dola mbili katika kila mia, kila mwaka, soko lipande au lishuke. Sasa alitaka kuhamisha zote, dola elfu arobaini na moja, aziweke katika mifuko ile ambayo watu wa benki huiita ETF. Huo ni mfuko uliojaa hisa za makampuni mengi kwa pamoja, nao wenyewe unauzwa sokoni kama hisa moja, tena ada yake ni ndogo sana. Lakini iko mamia kwa mamia, na majina yake yanafanana kama mapacha. Ni pesa ya uzeeni, alisema, haiguswi mpaka afikishe miaka sitini na mitano. Akamalizia: "Papa, chagua weye. Mi nitanunua tu."

Hilo halikuwa jambo la ajabu kwao. Katika ukoo wa Évariste jambo kubwa la kwanza la mtoto huchaguliwa na baba, hata kama baba halijui. Évariste alichaguliwa baiskeli na baba ambaye hakuwahi kupanda baiskeli. Mzee yule aliizunguka nusu siku nzima dukani, akaigonga, akainusa mafuta, akauliza bei mara tano, kisha akanyoosha kidole. Ilidumu miaka kumi na tisa. Na kama ingekatika siku ya pili, hakuna ambaye angemcheka kijana. Lawama ingekaa kwa baba, na mtoto angeendelea na safari akiwa mwepesi. Hiyo ndiyo maana ya desturi ile. Siku hizi vijana wanaiuliza simu, na simu haijawahi kubeba lawama ya mtu.

Angélique alipousikia ujumbe alikuwa akichambua nywele za bandia za wateja wake, maana alikuwa akisuka watu katika chumba cha nyuma. Alicheka mpaka akazimwaga.

"Papa Murielle, weye hata nyanya hujue kuchagua."

Évariste akamjibu kwamba nyanya hazina maandishi. Kitu chenye maandishi atakisoma.

Alimfahamu mtu mmoja tu wa kumuuliza. Moffat alikuwa Mkenya wa miaka hamsini hivi, mkazi wa Observatory, mfanyakazi wa ofisi moja Braamfontein inayotunza pesa za wastaafu. Kila mwaka alileta suruali zilezile zitanuliwe kiuno. Kwa bahati kaka yake aliishi Calgary, na Moffat ndiye aliyemchagulia mifuko, kwa hiyo mambo ya Kanada aliyajua. Alipokuja Juni ile, Évariste hakumwomba msaada bure. Alimwambia atamshonea suti. Suti ya kweli, yenye kitambaa kigumu kilichoshonewa ndani ya kifua na vifungo vya mkononi vinavyofunguka. Kitambaa alete mwenyewe, ushonaji hautalipiwa, na kila siku ya kujaribu suti itakuwa siku ya somo. Moffat alitazama tumbo lake kwenye kioo, akasema mkewe amekuwa akimsihi miaka miwili aonekane kama mtu. Wakakubaliana.

Siku ya kwanza Évariste alimpima mabega, mgongo, mkono, huku Moffat akieleza jinsi pesa za watu wengi zinavyokusanywa na kununuliwa hisa. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa. Alidhani ameelewa. Aliandika kipimo cha kiuno, akauliza:

"Sasa mu mufuko huu, nani anakula wa kwanza?"

"Anakula?"

"Zamu, Bwana Moffat. Mu likelemba kila mwezi mumoja anakula. Zamu ya Murielle iko mwezi gani?"

Moffat alicheka, kisha akaona mwenzake hatanii. "Mzee, hii si chama. Hakuna zamu. Ataanza kula akiwa na sitini na tano."

"Miaka makumi tatu na mitatu bila kula? Na wenzake je? Ni banani?"

"Watu laki kadhaa. Hawajuani. Wakikutana kwenye basi hata salamu hawapeani."

Évariste aliiweka chaki chini. Likelemba yao ya Troyeville, upatu wa kuchangiana pesa kila mwezi, ilikuwa na watu kumi na wawili. Mwaka uliotangulia, fundi mwenzao alipofiwa na mke, walimpisha ale kabla ya zamu yake, na hakuna aliyenung'unika. Mfuko wa watu laki usingejua nani amefiwa. Usingejua lolote. Ilimjia picha ya watu hao wote, wamesimama katika uwanja mkubwa wa theluji, mmoja hamtazami mwingine, kila mmoja amefumba mkono wake, na theluji inawaangukia kimya miaka thelathini na mitatu.

Lakini alikumbuka pia kwamba katika kampuni ya shaba watu walijuana kwa majina hadi ya babu, na malipo ya uzeeni yalipotea vilevile, mbele ya macho yao, na waliosaini karatasi walikuwa watu aliosali nao kanisa moja. Aliuliza tu ada inaumiza kiasi gani.

Moffat alimpa namba, akaenda zake. Siku mbili Évariste hakushona. Alitandaza karatasi ya kahawia ya kuchorea mikato, akachukua dola mia moja za kuwaza. Alichukulia zinazaa sita kwa mia kwa mwaka, akaondoa ada, akazidisha, akazidisha tena, mara thelathini, kwa kalamu ya risasi, bila mashine, kama alivyofundishwa na mtu ambaye sasa ni udongo. Chini ya ada ya benki, mia ile iliishia mia tatu ishirini na nne. Chini ya ada ndogo ya hizi ETF, senti ishirini katika kila dola mia, iliishia mia tano arobaini na tatu. Alirudia hesabu. Ikasimama palepale. Akamwita Angélique aione.

"Kwa hiyo ile benki inakula mutoto asubui na mangaribi," alisema Angélique.

"Na inamutumia kadi ya Noeli," alisema Évariste.

Siku ya pili ya kujaribu suti ilikuwa Agosti, mwezi wa upepo, vumbi la njano la vilima vya machimbo ya zamani limetanda angani hadi jua likawa kama shilingi chakavu. Koti lilikuwa bado halina mikono. Moffat alileta karatasi alizochapa ofisini, orodha za makampuni yaliyomo ndani ya kila mfuko, kwa sababu mzee alikuwa amesisitiza kwamba hanunui nguo bila kuigeuza nje ndani. Alieleza kosa la watu wa Kanada: hujaza mifuko yao kwa Kanada tupu, kwa vile ndiyo wanayoijua, wakati nchi yao si hata sehemu nne katika mia ya masoko yote ya dunia. Na hisa za kwao karibu zote ni mabenki, mafuta na migodi.

"Ni koti lenye kitambaa chote kifuani," alisema Évariste, "mugongo uko wazi."

"Basi umeelewa kuliko kaka yangu," alisema Moffat. "Yeye nilimwambia mara saba."

Wakapanga sehemu ya Kanada iwe ndogo, ishirini kwa mia, Marekani thelathini, nchi nyingine zote ishirini. Thelathini iliyobaki ingekuwa ya hatifungani, na hiyo Moffat aliiacha kwa siku ya tatu.

Moffat alipoondoka, Évariste alikaa dirishani na orodha. Alisoma jina moja baada ya jingine kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akisoma daftari la asubuhi. Katika mfuko wa Kanada alikutana na kampuni moja ya migodi aliyoijua, si kwa wema wala kwa ubaya, ila kwa sababu ilikuwa imechimba kilima kimoja karibu na Likasi mpaka kikawa shimo. Juu ya kilima kile alimposa Angélique. Alilitazama jina lile muda mrefu. Binti yake angekuwa na chembe ya kilima, basi, chembe ndogo isiyoonekana, kwa njia ya soko la Toronto. Hakujua kama ahuzunike au acheke.

Usingizi ukamchukua palepale. Akajiona anaingia ndani ya mfuko, nao ulikuwa mtaa wa wafanyakazi, barabara pana, nyumba elfu tatu na zaidi, kila mlango na jina la kampuni. Alikuwa na daftari lake. Aliita, na kutoka ndani ya kila nyumba sauti iliitika kwa lugha asiyoijua, naye akatia alama, nyumba baada ya nyumba, jua halisogei. Mwisho alimuuliza mtu aliyekuwa akifagia njia, nyumba ya Murielle ni ipi. Mtu yule akamjibu kwa upole kwamba Murielle ana tofali moja katika kila nyumba, lakini nyumba hana. Évariste aliamka na sindano imekwama katikati ya mshono, na upepo unagonga bati la jirani.

Siku ya tatu ilikuwa mwisho wa Septemba. Koti lilikuwa limetiwa mikono. Moffat alisimama amenyanyua mikono kama mtu anayepekuliwa uwanja wa ndege, na Évariste alizunguka na pini tano mdomoni, akiubana mgongo.

Moffat alisema hatifungani ni mkopo: unaikopesha serikali, inakulipa pole pole, na hisa zikianguka hiyo ndiyo inayokushikilia usianguke nazo. Kisha akasema kuna jambo moja ambalo hawezi kulijua yeye.

"Hisa zitembee dunia nzima, sawa. Lakini hii sehemu ya utulivu lazima iwe katika pesa atakayonunulia mkate. Kwa hiyo niambie, mzee. Murielle akizeeka, mkate atanunua wapi?"

Évariste alikuwa na pini mdomoni na sababu nzuri ya kutojibu. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini, mpaka zikaisha.

"Likasi," alisema.

"Amekwambia?"

"Mi ni baba yake."

Moffat alimtazama kwenye kioo. Hakubishana, mtu habishani na fundi aliyeshika mkasi karibu na shingo yake. Alisema kama ni hivyo, hatifungani za Kanada hazina maana, achukue za dola ya Marekani, kwa sababu Kongo saruji na mabati vinauzwa kwa dola hiyo. Akaandika jina la mfuko kwenye nafasi ya nne. Lakini alipokuwa akivua koti aliongeza, bila kumwangalia, kwamba mtu akibaki Kanada na kushika mfuko huo, kila dola hizi mbili, ya Kanada na ya Marekani, zikipandishana na kushushana, atakuwa anacheza bahati nasibu na pesa ya dawa.

Wiki zile zilizofuata Évariste aliishi kama mtu aliyelewa kidogo. Karatasi ilikuwa na majina manne, na la nne lilikuwa paa. Alipokanyaga cherehani aliona mabati yakipandishwa, moja baada ya jingine, mchana mweupe, na Murielle chini akielekeza kwa mkono. Mvua za kwanza zikanyesha, mijakaranda ikafungua maua yake kutoka Bezuidenhout Valley hadi mlimani, na wateja wakaingia chumba cha mbele na maua ya zambarau yaliyogandana chini ya viatu. Suti ikakamilika, Moffat akaivaa, akatoka nayo barabarani akitembea wima kama mwenye mgongo mpya. Watu wawili walimwuliza amenunua duka gani. Hakuna aliyeuliza nani ameishona.

Ila ile pesa ya dawa ilikuwa imeingia mahali, kama pini iliyosahaulika ndani ya pindo. Haimchomi mtu akisimama. Humchoma akikaa.

Angélique alitaka kuelezwa kila mfuko ni wa nini, na mumewe akamweleza, jioni moja wakila. Alipofika wa nne, mkewe aliacha kutafuna.

"Nani alikuambia mutoto atarudia?"

"Hakuniambia harudie."

"Mwaka jana alinunua mashine ya kusukuma teluji, Papa Murielle. Ya petroli. Muntu mwenye kurudia hanunue mashine ya teluji."

Évariste alisema mashine huuzwa. Angélique alisema ndiyo, na mtoto anayekwenda shule kwa basi la njano, yule mjukuu wao Exaucé wa miaka saba anayeongea na bibi yake kwa Kiingereza cha puani, naye huuzwa? Kisha akaona uso wa mumewe, akamwongezea mchuzi. Ndivyo alivyokuwa, alijua kukata, na alijua mahali pa kuacha mkasi.

Siku ya kununua ilipangwa iwe Jumanne katikati ya Novemba, siku ya mapumziko ya Murielle. Soko la Toronto lingefunguliwa saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Winnipeg, ambayo ni saa kumi na nusu jioni Johannesburg. Saa kumi simu ikalia. Wingu jeusi lilikuwa limepanda kutoka kusini kama linavyopanda karibu kila alasiri ya mwezi ule, na chumba cha mbele kilikuwa na giza la maji. Murielle alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kuamka. Watoto wamekwenda shule, alisema, baridi ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, kompyuta iko wazi mbele yake, kahawa iko mkononi.

"Soma, Papa. Mi naandika."

Évariste alivaa miwani. Alisoma wa kwanza, herufi kwa herufi, na ishirini kwa mia. Murielle akarudia. Alisoma wa pili, thelathini. Alisoma wa tatu, ishirini. Kila mara sauti ya binti ilirudia bila swali hata moja, kama alivyokuwa akirudia majina ya mito ya Katanga akiwa na miaka sita, amesimama mbele ya baba yake mikono nyuma. Hakuuliza kwa nini huu na si ule. Wala hakuuliza baba amejuaje.

"Ya ine?"

Radi ilipiga mbali, upande wa Germiston. Mzee aliitazama ile nafasi ya nne. Kilichokuwa kigumu ni kwamba binti angetii. Angeandika chochote ambacho angesomewa, na angekishika miaka thelathini na mitatu, kwa sababu baba amechagua. Na mwaka wa 2050, kama Moffat alisema kweli, angesimama mbele ya dirisha la duka la dawa katika nchi ya theluji na pesa isiyotosha, bila kumlaumu mtu. Lawama ingekuwa ya baba. Lakini baba, akiwa kaburini, angeibebea wapi? Baba yake mwenyewe alikuwa hai baiskeli ilipoanza kulia mnyororo. Aliinama, akaupaka mafuta. Lawama ya mwaka 2050 haikuwa na mgongo wa kuibeba.

"Papa? Uko?"

"Niko. Kuna swali mbele ya ile ya ine."

"Swali gani?"

"Ukizeeka," alisema Évariste, na ilimbidi aanze tena. "Ukizeeka, mukate utanunua fasi gani?"

Kule Winnipeg kikombe kiliwekwa mezani. Mzee alisikia jokofu la mwanawe likinguruma, ng'ambo ya bahari, nyumbani ambako hajawahi kukanyaga.

"Papa, ile kiwanja…"

"Sikuulize kiwanja. Nauliza mukate. Hii karatasi haiwezi kuisha kama sijue."

"Hapa," alisema Murielle, polepole. "Watoto bako hapa. Nitazeekea hapa, Papa. Nilikuwa naogopa kukuambia. Miaka mingi naogopa."

Évariste alichukua kalamu ya risasi. Alipiga mstari juu ya jina la nne, mstari mmoja ulionyooka, kama wa kukatia. Pembeni kulikuwa na jina lingine, ambalo Moffat aliliandika kwa herufi ndogo siku ile ya pini, bila kuombwa, kwa tahadhari tu. Alilisoma herufi kwa herufi. Hatifungani za Kanada, thelathini kwa mia. Murielle akarudia, na sauti yake ilikatika kwenye herufi ya tatu, akaanza upya.

Walisubiri soko lifunguliwe. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati, kisha ikawa mvua ya kawaida. Murielle alikuwa akipenga kamasi. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayegusa kitu cha moto:

"Na weye na Mama? Mutazeekea fasi gani?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyepata kumuuliza hivyo. Maafisa walimuuliza alitoka wapi, na lini, na kwa nini. Alitazama chumba: meza ya kupigia pasi, mikato ya kahawia ukutani, barabara ya Troyeville iliyogeuka mto wa maua na vikombe vya plastiki, na mtu mmoja anakimbia na gazeti kichwani. Alijaribu kuiona Likasi. Ilikuja, lakini ilikuja bila watu, mtaa mweupe tu, milango wazi.

"Sisi tumeshazeeka, mama," alisema. "Hapa hapa."

Saa kumi na nusu soko likafunguliwa. Murielle alibonyeza mara nne, na kila mara alisema imeingia. Ilichukua muda mfupi kuliko kutia uzi kwenye sindano. Walipoagana, alimshukuru baba yake kwa kumchagulia, naye akajibu kama baba yake alivyomjibu siku ya baiskeli, kwamba aitumie vizuri na asiikopeshe kwa watu.

Alikwenda chumba cha nyuma. Angélique alikuwa akimsuka mwanamke aliyelala usingizi kitini, mdomo wazi.

"Alisema nini?"

"Kanada."

"Kiasi gani?"

"Makumi tatu kwa mia."

Angélique alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Alimaliza msuko mpaka ncha, akaufunga. Kisha kwa mguu akakisogeza kigoda kutoka chini ya meza, kuelekea kwa mumewe, na Évariste akakaa.